Marahaba za Mteremko wa Pugu

Kupita Mtaa wa Sikukuu sasa kumekuwa mtihani kwangu, kwani vijana wa maduka ya pale, ambao tangu zamani huniamkia kwa staha, leo wananiamkia huku macho yao yakielekea mahali ambapo adabu haimruhusu mtu mzima kutazamwa. Waliniona jana jioni nikiteremka garini, mweupe nyuma kuanzia kiunoni hadi visiginoni, na mmoja wao, ambaye kwa hakika hakukusudia ubaya, akaniuliza, "Mzee, umekalia chokaa?" Nikamjibu kwamba si chokaa, ni kaolini, na jibu hilo, ingawa kielimu lilikuwa sahihi kabisa, halikunipunguzia fedheha hata chembe.

Sisi tukaao Kariakoo hatuna mazoea ya miinuko. Ardhi yetu ni tambarare, na atakaye kupanda hupanda ngazi za ghorofa ambayo lifti yake imekufa. Ndiyo sababu vilima vya Pugu, vyenye kimo cha mita 300 hivi tu kutoka usawa wa bahari, na ambavyo Mchaga angevipita bila kugeuza shingo, sisi huvipa heshima ya mlima. Na siku za mapumziko watu wa mjini huvipanda kwa makundi, kwenda kutazama msitu na mapango ya machimbo ya kale, ambamo popo hutoka kwa wingi magharibi ikiingia.

Jana nami nilikuwa miongoni mwao. Kupanda hakukuwa na neno. Kushuka ndiko kulikonidhili. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na pale njia ipitapo kandokando ya machimbo, ambapo udongo mwekundu hukoma ghafla na kuanza mweupe, mguu wangu wa kulia uliondoka bila kunitaka shauri, wa kushoto ukaufuata, nami nikakaa. Hapo ndipo ilipotokea safu ndefu ya watoto wa shule, wakipanda mmoja nyuma ya mwingine, na kwa kuwa ni watoto waliofunzwa wakafunzika, kila aliyenifikia aliniamkia, "Shikamoo, babu." Msomaji na azingatie hali ilivyokuwa: mzee hawezi kuiacha shikamoo ipite bila marahaba, hata akiwa anaporomoka, nami sikuwa nikiporomoka kwa kasi ya kuvunja mfupa, ambayo walau ingeleta huruma, bali kwa taratibu, nikiikagua safu nzima nikiwa nimeketi, mkono mmoja ukitapia majani yasiyoshikika na wa pili umeinuliwa kwa taadhima: "Marahaba. Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba." Wa mwisho, mdogo kuliko wote, hakuniamkia. Alimwuliza mwalimu wake kama na wao watashuka kwa mtindo ule.

Nilipofika chini nikaokota bonge la udongo ule, na ghadhabu yangu ikageuka mshangao. Kaolini ni jiwe lililooza. Mawe yenye madini ya feldispa hunyeshewa dahari na dahari, mvua ikachukua potasiamu na sodiamu, ikabakiza alumina na silika zilizojipanga katika vipande bapa, vyembamba hata jicho haliwezi kuvipambanua, vilivyolaliana tabaka juu ya tabaka. Vikiwa vikavu hushikamana, na mtu hupita kwa amani. Maji yakijipenyeza katikati, kila kipande huwa tayari kumkimbia mwenziwe, mithili ya sahani zilizopangwa kisha zikamwagiwa mafuta. Na udongo huo huo, ukichanganywa na feldispa na kuchomwa katika joto lipitalo nyuzi 1,200, huwa kauri! Wachina wa Jingdezhen waliijua siri hiyo tangu karne nyingi, na bakuli za kutoka kwao zilipofika pwani hii wazee wetu walizithamini hata wakazijengea katika makaburi ya watukufu wao. Aendaye Kunduchi, kaskazini ya mji huu, atayaona makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa hivyo. Vyombo vile vilivuka Bahari ya Hindi nzima, vikaja kutua mwendo wa kutwa moja kutoka kwenye kilima kilichosheheni malighafi yake. Kikombe ninachonywea chai hivi sasa, nimekipindua, nacho kimetoka China.

Lakini kuna jambo ambalo sicheki nalo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo miongoni mwa mabaki machache ya misitu ya asili ya pwani, imekatwa miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya mkaa wa majiko ya Dar es Salaam, na Mto Msimbazi huanzia huko huko. Kilima kikivuliwa nguo, udongo wake hushuka na mto, ukapita Vingunguti hadi Jangwani, hapa mlangoni petu, ukajaza mkondo. Na masika ikichachamaa Barabara ya Morogoro hufungwa na watu hupoteza nyumba. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliokumbwa walipelekwa Mabwepande. Tangazo la kuwataka wa bondeni wahame hulisikia kila mvua zikikaribia. Tangazo la nani atakayejibu kwa miti iliyokwenda, bado nalingoja.

Wazee wa Kariakoo husimulia kwamba Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955, alikuwa akija kwa miguu kwenye shughuli za TANU huku mjini. Njia ile, basi, ilileta uhuru kwa miguu. Nami nimeileta fedheha kwa makalio.

Mengineyo hayana uzito. Kondakta alinisimamisha hadi Gongo la Mboto nisije nikachafua kiti, na nauli akachukua kamili. Mwavuli ulibaki porini. Dobi ametuma mtoto kuniarifu kuwa suruali imetakata, ila maji ya karai yameziba bomba la uani, na gharama ya kulizibua ni juu yangu.