Jinsi ya Kuuhadaa Uchovu Ukiwa Nyakanazi

Umeambiwa una maltipo sklerosisi. Umerudi Nyakanazi na bahasha ya picha za MRI, mfuko wa dawa, na jina la ugonjwa ambalo hapo stendi hatapatikana wa kulitamka. Karibu, mwenzangu. Kuanzia leo tunapita njia za panya, na nitakuonyesha zote.

Kwanza mjue adui. Kinga ya mwili wako inashambulia ganda la mafuta linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868. Karibu na ikweta huonekana kwa nadra, na Nyakanazi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa mstari huo. Ndiyo maana majirani watasema ni malaria, kisha taifodi, kisha mkono wa mtu. Ganda likichubuka, amri ya ubongo inafika mguuni kwa kuchelewa, na mwili unalipa zaidi kwa kila hatua. Uchovu wake hauondoki kwa kulala usiku kucha. Kujikaza ndiko kutakakokulaza siku tatu. Basi tusijikaze.

1. Kaa. Menya ndizi umekaa, chagua maharage umekaa, piga pasi umekaa, oga umekaa kwenye kigoda. Najua utaona haya, hasa mama mkwe akiwepo. Weka viti viwili. Akiingia mtu, mkaribishe cha pili kabla hajakusalimu. Mkiwa wawili mmekaa, hakuna atakayeuliza kwa nini umekaa.

2. Iba asubuhi. Kazi nzito imalizike kabla ya saa nne. Pika cha mchana alfajiri, funika kwenye hotpoti, zima jiko. Joto ndilo msaliti mkubwa: Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa hawa yanavyofifia mwili ukipata moto. Miguu nayo hulegea vivyo hivyo. Joto hilo haliongezi uharibifu. Ukipoa, nguvu inarudi. Kwa hiyo poa mapema. Tembea na mwavuli, maana mtu mwenye mwavuli juani anaonekana nadhifu tu. Lowesha kanga maji, izungushe shingoni. Chai iache ipoe.

3. Pumzika kabla hujachoka. Hii ndiyo hila kubwa kuliko zote na ndiyo watu wanayoikataa, kwa sababu kila mmoja anataka kwanza aonekane amefanya kazi. Mwili wenye ugonjwa huu ukimaliza akiba hauirudishi kwa nusu saa. Ukilala nusu saa wakati akiba bado ipo, jioni utakuwa bado unacheka na watoto. Weka kengele kwenye simu. Wateja wa duka waambie unafunga hesabu. Jioni tembea kidogo kivulini, kwa sababu mwili usiosogezwa kabisa huchoka zaidi.

4. Msibani nenda mapema. Fika turubai likiwa bado linafungwa, toa rambirambi, hakikisha jina limeandikwa kwenye daftari, kaa ukingoni kwenye kivuli. Mnong'oneze mtu mmoja wa familia kwamba dawa zako zinakutaka ulale. Ondoka kabla ya kwenda kaburini. Aliyefika wa kwanza hukumbukwa na wafiwa wote, na hakuna anayeshika saa aliyoondoka.

5. Dawa zihadae kwa saa, usizihadae kwa kipimo. Sindano ya intaferoni huleta homa na maumivu ya mwili kwa saa kadhaa. Ichome jioni, pamoja na parasetamoli ukiwa umeruhusiwa, homa ije ukiwa usingizini. Inataka nyuzijoto 2 hadi 8, na isigande kamwe. Nyakanazi ina kituo kikubwa cha kupozea umeme, lakini nyumbani umeme unakatika, na mtungi wa udongo hauwezi kushusha joto kiasi hicho. Muulize mganga wa zahanati kama inaweza kukaa kwenye jokofu lao.

Ukishikwa na shambulio jipya watakupa steroidi za dripu, mara nyingi siku tatu hadi tano. Omba ziingie asubuhi, kwa sababu jioni zitakufanya ukeshe. Siku hizo utajisikia mzima kuliko kawaida, unataka kulima, unataka kuahidi michango ya harusi. Usiahidi kitu. Nguvu hiyo ni ya dawa, na dripu ikiisha inaondoka.

Baklofeni inalegeza misuli iliyokaza na inaleta usingizi. Muulize daktari kama dozi kubwa inaweza kumezwa usiku. Usiendeshe pikipiki hadi ujue inakufanyaje. Pale njia panda malori ya Rusumo, Kigoma na Kahama yanakutana, na dereva wa lori hajui kwamba umesinzia. Na usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri. Kuikata siku moja huweza kuleta degedege na kuona visivyokuwepo. Hupunguzwa pole pole, kwa maelekezo ya daktari.

6. Pima malaria. Jirani aliyesema "hiyo ni malaria tu" ana faida yake. Homa yoyote, ya malaria au ya njia ya mkojo, hurudisha dalili zako za zamani kwa muda: mguu unaburuta, jicho linafifia, nawe unalia kwamba ugonjwa umerudi. Tibu homa kwanza. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, hiyo piga simu kliniki.

7. Safari ya Mwanza, kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando, ikate vipande. Ukiweza fika jana yake, ulale. Kata tiketi ya kiti cha karibu na mlango, upande usiopigwa na jua. Ugonjwa huu hubana kibofu, na wengi huacha kunywa maji ili wasimsumbue konda. Mkojo ukikolea, maambukizi yanafuata. Kunywa, na mwambie konda mapema, kwa sauti ya kawaida. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, limefunguliwa, na ukipita Geita hutasimama tena juani ukingoja kivuko.

8. Daktari ndiye pekee usiyemhadaa. Mtu akishavaa nguo ya kutokea na kupaka mafuta, anajibu "sijambo, naendelea vizuri", na matokeo yake anarudi nyumbani na dozi ileile inayomwangusha. Sema unaanguka. Sema hulali. Sema unalia, kwa sababu sonona nayo huchosha na ina tiba. Omba damu ipimwe, maana upungufu wa damu unaweza kuwa umejificha nyuma ya uchovu huu.

Kisha omba dawa kwa jina. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za ugonjwa huu kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo ya mwisho, iliyoanza kama dawa ya saratani, hutolewa kwa dripu hospitalini, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, baada ya kupimwa kifua kikuu na homa ya ini B. Kwa anayeishi Nyakanazi, hizo ni safari mbili kwa mwaka, na hakuna sindano ya kutunza nyumbani. Mwombe mfamasia akuandikie majina hayo matatu kwenye karatasi, na siku ya kliniki iweke mezani kwa daktari.