Namna ya Kusafiri kwa Pudingi

Kila tangazo la ofa redioni huishia na maneno yanayotamkwa mbio, kama ya mtu anayeikimbilia daladala: vigezo na masharti kuzingatiwa. Wengi wetu huyasikia kama muziki wa kufungia tangazo. Wewe unayetaka kupanda ndege kwa maili badala ya fedha, anzia hapo hapo. Tafuta masharti yenyewe yaliyoandikwa, kaa chini, chukua kalamu, uyasome polepole kama mtu anayesomewa wasia wa babu mwenye mashamba.

Mwalimu wetu katika somo hili ni Mmarekani mmoja, David Phillips, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilitangaza ofa: tuma alama kumi za bidhaa zetu, zile za mistari myeusi zinazosomwa na mashine ya kaunta, nasi tutakupa maili 500 za ndege. Ukiwahi mwezi wa kwanza wa ofa, 500 zinageuka 1,000. Mtu wa kawaida angenunua chakula cha wiki nzima, akate alama zake, atume, ashukuru. Phillips aliuliza swali moja: je, masharti yanasema bidhaa iwe ya bei gani? Hayakusema. Basi akaingia madukani kutafuta kitu cha bei ya chini kabisa chenye alama ile. Akakuta vikombe vya pudingi, kimoja senti 25 za dola.

Alinunua 12,150.

Tulia na hesabu hiyo, maana ndiyo mwongozo mzima kwa ufupi. Vikombe kumi ni dola mbili na nusu. Dola mbili na nusu zinaleta maili 1,000. Kwa hiyo kila maili moja ilimgharimu robo ya senti. Wenye maduka walipoanza kumwangalia, alisema anaweka akiba ya kuingilia mwaka 2000, wakati ule dunia nzima ilipoogopa kompyuta zingezima usiku wa manane. Kubandua lebo zaidi ya elfu kumi na mbili kabla ya tarehe ya mwisho ni kazi ya kijiji, naye kijiji alikipata: alipeleka pudingi Jeshi la Wokovu, watu wa kujitolea wakabandua lebo, na chakula kikabaki kwa wenye kukihitaji. Kwa kuwa ule ulikuwa msaada, akapunguziwa na kodi, dola 815. Gharama yote ilikuwa kama dola 3,140, na maili alizovuna zilizidi milioni 1.2. Mwaka 2002 mkasa wake uliingia ndani ya filamu, Punch-Drunk Love ya Paul Thomas Anderson.

Nampenda mtu huyu kwa dhati. Hakuiba, hakughushi, hakudanganya kampuni. Alisoma kilichoandikwa, akakifanya kama kilivyoandikwa, na kampuni ikalipa kama ilivyoahidi. Ukiona ofa yoyote ya maili, fuata nyayo zake kwa maswali matatu: kitu cha bei ya chini kabisa kinachohesabika ni kipi? Kikomo kipo, au wamesahau kukiandika? Na siku ya mwisho ni ya kununua, ya kutuma, au ya kusafiri? Hizo ni siku tatu tofauti, na watu wengi wamepoteza haki yao kwa kudhani ni moja.

Sasa tuijue bidhaa yenyewe, yaani maili. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage, na United ikafuata siku chache tu baadaye. Wazo lilikuwa kumshukuru abiria anayerudi. Lakini baadaye mashirika yaligundua kwamba maili zinaweza kuuzwa: benki inazinunua kwa jumla, kisha inawagawia wateja wanaotumia kadi zake za mkopo. Biashara hiyo imekua kiasi kwamba mwaka 2020, korona ilipozuia ndege nyingi kuruka, United iliweka mpango wake wa MileagePlus rehani ikakopa dola bilioni 6.8. Mpango huo ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za shirika lenyewe sokoni wakati ule.

Kwa hiyo usiite maili zawadi. Ni sarafu. Tatizo lake ni kwamba gavana wa benki kuu yake ndiye pia muuza duka. Yeye anatoa noti, yeye anapanga bei ya mchele, na akiamka asubuhi akasema kilo iliyokuwa noti kumi sasa ni noti kumi na nane, huna bunge la kumshtaki. Mwaka 2015 Delta iliondoa kabisa orodha ya bei za tiketi za maili, na mwaka 2019 United ikafanya vivyo hivyo. Tangu hapo safari hiyo hiyo inaweza kudai maili nyingi leo na nyingi zaidi kesho. Maili ni samaki wa soko la Feri. Alfajiri ana thamani yake kamili, na anayemngojea apande bei hadi jioni atamla peke yake akiwa amekunja uso.

Wenzetu wa Marekani huvuna maili nyingi kwa kadi za mkopo bila kuondoka nyumbani. Kwetu, ambako watu wanalipa kwa fedha taslimu au kwa simu, mlango mkubwa bado ni kiti cha ndege. Na wasafiri tunao! Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou mara tatu kwa mwaka, mwingine wa Eastleigh anayefuata mizigo Dubai na Istanbul, hawa ni matajiri wa maili wasiojijua. Nimekaa nao ndani ya ndege. Ukiuliza namba ya uanachama, utajibiwa kwamba tiketi kakata wakala. Wakala hufanya kazi yake, lakini namba usiyompa hawezi kuiota. Mpe, halafu siku ya safari mwulize tena mtu wa kaunta kama imeingia. Kujiandikisha ni bure na hakuhitaji zaidi ya dakika tano.

Chagua chungu kimoja cha kutilia. Mashirika yamejifunga katika miungano mitatu mikubwa: Ethiopian imo Star Alliance tangu 2011, Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010, Qatar Airways imo Oneworld tangu 2013. Emirates iko peke yake, na Skywards yake. Maana ya muungano ni kwamba unaweza kupanda ndege ya Ethiopian kupitia Addis Ababa, na maili ukazipeleka ShebaMiles ya Waethiopia wenyewe au Miles&Smiles ya Waturuki walio muungano huo huo. Lakini ni huku au kule: zikishaingia akaunti moja hazihamishwi. Mtu mwenye maili elfu sita sita sehemu nne hana kitu, na mwenye elfu ishirini na nne mahali pamoja ameanza safari. Familia nayo ni chungu. Mipango ya Skywards na Flying Blue, kwa mfano, inaruhusu watu wa nyumba moja kukusanya pamoja, na maili chache za mtoto aliyefuatana nanyi likizo zina kazi yake.

Kisha kuna herufi. Kwenye tiketi yako kuna herufi moja ya daraja la nauli ambayo hakuna mtu anayekueleza. Abiria wawili wa daraja la kawaida, viti vimegusana, chakula kile kile, mmoja anapata maili zote za umbali na mwenzake robo, au sifuri, kwa sababu ya herufi. Kabla ya kulipa, mwulize wakala herufi ni ipi na inaleta asilimia ngapi. Na boding pasi usiitupe! Isikae mfukoni mwa suruali inayokwenda kufuliwa, iwe ndani ya bahasha hadi maili zionekane kwenye akaunti. Zisipoonekana, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako, na siku za kudai zina kikomo.

Ofa za nyongeza, hizi za maili maradufu, mara nyingi hudai ujiandikishe kabla ya kusafiri. Ukisafiri kwanza ukajiandikisha baadaye, umechelewa. Ya kukumbukwa zaidi miaka ya karibuni ni ya shirika la SAS la nchi za Skandinavia. Lilihama kutoka Star Alliance, likaingia SkyTeam Septemba 2024, na ili kusherehekea likaahidi pointi milioni moja kwa kila mwanachama wa mpango wake atakayepanda ndege za mashirika 15 ya SkyTeam kati ya tarehe 8 Oktoba na 31 Desemba mwaka huo. Kenya Airways ni mojawapo ya mashirika ya muungano huo, kwa hiyo safari ya kwenda Nairobi ilikuwa hatua halali katika mbio hizo za kuzunguka dunia. Watu walifanya hivyo, na wakalipwa. Mimi nasema ofa ya namna hiyo ifanye tu kama una hesabu ya nauli zote kwenye karatasi moja, usingizi wa kutosha, na mahali ambapo utazitumia hizo pointi milioni. Kupanda ndege kumi na tano ili uwe na uwezo wa kupanda ya kumi na sita si jambo la kila mtu.

Mashirika pia huuza maili moja kwa moja, na mara kwa mara husema nunua elfu kumi, tunakuongeza elfu kumi. Nunua siku ambayo kiti unachokitaka kiko mbele ya macho yako kwenye skrini, tarehe yako, jina lako likisubiri kuandikwa. Bila kiti, umenunua samaki huna jiko.

Sasa tuje kwenye kutumia. Ukifungua duka la mtandaoni la shirika utaona mashine za kusagia juisi, masanduku, saa za mkononi, vyote kwa maili. Pita haraka kama unavyompita mwuza miwani pale kituo cha mabasi. Thamani ya maili iko angani, na duka hilo hukutoza nyingi kwa kitu ambacho Kariakoo kinapatikana kwa bei ya kawaida. Viti vya maili ni vichache: vitafute mapema sana, karibu mwaka mzima kabla, au siku chache kabla ya safari, shirika linapoona viti vimebaki. Weka na fedha kidogo pembeni, maana kodi na ada za viwanja hulipwa taslimu, na baadhi ya mashirika huongeza ada yao ambayo inaweza kukaribia nusu ya nauli. Angalia jumla yote kabla ya kufurahi.

Lakini matumizi ninayoyaweka juu ya yote ni msiba. Simu ikilia saa nane usiku Minneapolis au Birmingham, na sauti ya nyumbani ikakwambia mzee hayupo, tiketi ya kesho asubuhi inakuwa na bei ya kikatili. Watu wamekopa, wamechangisha kwenye makundi ya WhatsApp, na wapo waliomzika baba yao kwa kutazama simu. Katika mipango yenye bei za maili zilizopangwa, kiti cha kesho, kikiwepo, kinadai maili zile zile kama kiti cha mwezi ujao. Na mipango mingi inakuruhusu kumkatia mtu mwingine tiketi kutoka akaunti yako. Kundi la jamaa watano walio ughaibuni, kila mmoja na akiba yake anayoijua kwa hesabu, lina uwezo wa kumfikisha mtu mmoja makaburini kwa wakati. Zungumzeni hili mkiwa wazima, kama mnavyozungumza habari ya chama cha kufa na kuzikana.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kulipia somo hili. Mama yangu, aliye Zanzibar, ana dada yake Muscat, mama mkubwa aliyetulea sote. Nilisafiri sana kikazi, nikaweka maili kwa miaka, nikimwahidi mama kwamba zikitimia za daraja la juu nitampeleka kwa heshima, alale njiani kama malkia. Kwa daraja la kawaida zilikuwa zimeshatosha zamani. Mama mkubwa alipougua, nilifungua akaunti na kukuta sifuri. Muda wa maili zile ulikuwa umepita miezi miwili nyuma, na shirika lilikuwa limenitumia taarifa kwenye anwani ya barua pepe ya kazi niliyokwisha kuiacha. Niliandika, nikaandika tena. Walinijibu kwa adabu kwamba masharti ni masharti. Nilikaa na simu mkononi nikishindwa kumpigia mama.

Aliyetuokoa ni mdogo wangu wa kike, muuguzi wa huko Uingereza. Yeye alikuwa na maili chache kuliko zangu za zamani, lakini zilikuwa hai. Zikatosha kiti kimoja, daraja la kawaida, dirishani, siku tatu baadaye. Mama alifika uwanjani na chupa ya achari ya embe aliyoifunga kwa nailoni tatu, na mikate ya ufuta bado ya moto ndani ya kitambaa. Mtu wa kaunta alimwuliza kama ana namba ya uanachama. Mama akanigeukia. Nikamwandikisha pale pale, kwenye simu, foleni ikisubiri.