Mashine Iliyofua Migomba

Kwa kawaida mashine yetu ya kufulia hujaza maji kwa dakika tatu au nne. Jumamosi ile ilijaza kwa dakika 40, na bado ilikuwa inajaza. Mimi nilikuwa barazani na kikombe changu cha chai, naitazama migomba inavyokunywa kule chini, nikajisemea kumbe uhandisi si lazima mtu ausomee. Mara mama watoto akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, simtanki linakoroma."

Simtanki likikoroma, maana yake maji yamekwisha na koki inavuta upepo. Nguo zilikuwa zimelowa nusu, sabuni yote imekwenda kwa migomba, na siku yetu ya mgao wa maji ilikuwa Jumanne.

Wazo lenyewe, la kuinywesha migomba maji ya kufulia, halikuwa baya. Tangu ule ukame wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam nzima tukageuka watu wa madumu, sijaweza tena kumwaga maji bila moyo kuniuma. Mashine yetu ni ya kilo 7, yenye mlango wa mbele, na kila ikifua hutumia lita 50 hivi. Tunafua mara tatu kwa wiki. Hizo ni lita 150 zinazozama chembani, na huku chini ya baraza, kwa kuwa kwetu Kimara ni vilima, migomba mitatu imesimama imekonda kama inangoja kuitwa jina hospitalini.

Nilianza na bomba la nusu inchi, kwa sababu lilikuwepo. Nikaubana mpira wa mashine ndani yake, nikazungushia tyubu ya baiskeli, nikabonyeza kitufe. Ilipofika zamu ya kumwaga maji, kiungo kikafyatuka kwa mlio wa kizibo cha soda, na povu likaingia sebuleni kabla yangu. Fundi bomba niliyempigia alicheka kwanza, salamu zikafuata. "Bosi, hiyo mashine umeiziba pua. Weka la inchi moja."

Nikaweka la inchi moja, likateremka moja kwa moja hadi kwa migomba. Na hilo ndilo lililomaliza simtanki.

Fundi alipokuja hakugusa kitu. Alichuchumaa, akatega sikio kwenye bomba kama mganga, kisha akaniuliza, "Bosi, umewahi kuona vijana wakinyonya petroli kwenye tangi kwa mpira?"

Nimewahi.

"Basi ndicho unachoifanyia mashine yako."

Mdomo wa bomba ulikuwa chini sana kuliko mashine. Maji ya kwanza yalipoanza kuteremka, yaliwavuta na wenzao waliokuwa nyuma, na hapakuwa na hewa ya kukata msafara. Mashine hujua kuwa imeshiba kwa kupima kina cha maji tumboni mwake. Kina hakipandi, nayo haina akili ya kuuliza maji yanakwenda wapi. Ikaendelea kuomba, na simtanki, kwa ukarimu wake, likaendelea kutoa.

Dawa ilikuwa tii moja, kile kiungo cha njia tatu, na kipande cha bomba cha urefu wa mkono. Fundi aliuinua mpira hadi usawa wa kiuno, akaweka tii pale juu kabisa, na kile kipande akakisimamisha wazi kama bomba la moshi. Hewa ikiingia hapo, maji huachana mikono: yaliyokwisha kushuka hushuka, yaliyomo mashineni hubaki kufua nguo. Kazi yote ilichukua dakika 20. Kunicheka kulichukua zaidi.

Mtu mwenye busara angekomea hapo. Mimi nikaona lita 50 kwa mpigo ni ulafi, afadhali niyahifadhi niwe nagawa kidogo kidogo jioni. Nikanunua pipa la lita 200. Wiki hiyohiyo tukapata msiba Morogoro, tukaondoka siku tatu na maji yamo pipani.

Maji ya kufulia ukiyaona ni povu tu na harufu ya maua. Lakini ndani yake mna jasho, uchafu wa kola na nyuzi za nguo. Bakteria huvila hivyo, hewa iliyomo majini ikaisha, na hapo ndipo uvundo unapozaliwa. Haupiti usiku mmoja kabla hujautambua. Zilipita siku tatu, tena za jua la Januari.

Tulirudi tukakuta gari la majitaka limesimama getini kwetu. Mzee jirani alikuwa kando yake, kitambaa puani, mwenye huruma tele. "Pole na msiba, mwanangu. Nimeona chemba yenu imefurika na nyinyi hampo, nikasema nikusaidieni."

Dereva alikuwa ameshaushusha mpira wake, mnene kama paja. "Shimo liko wapi?"

Nikamwonyesha pipa.

Aliliangalia pipa. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tena pipa. "Bosi," akasema, "mimi nabeba lita 10,000." Nikamlipa nauli ya kuja na ya kurudi, akaondoka hajanyonya hata tone.

Mengine nayapitia haraka. Matundu 24 niliyotoboa kwenye bomba kwa msumari wa moto yaliziba yote kwa nyuzi za masweta ya watoto. Mchicha niliouotesha pembeni ukaungua kingo, kwa kuwa sabuni ya unga ina chumvichumvi nyingi ambazo udongo hauzipendi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, aliutazama mradi wote kimya, kisha akasema kwao bafu lilikuwa la makuti, na maji yalikuwa yakijipeleka yenyewe kwenye magimbi.

Leo mtambo wangu ni bomba moja la inchi moja, tundu la hewa juu, na chini shimo lililojazwa majani makavu kuzunguka kila mgomba. Kila tukifua nahamishia mdomo wa bomba kwenye shimo jingine. Matundu hakuna, na pipa sasa linakusanya maji ya mvua. Tumehamia sabuni ya maji, na mchicha umehamia mbali, kwa sababu mboga ya majani haipaswi kunyweshwa maji ya namna hii. Siku ya nepi au ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mpira unarudi chembani.

Ukitaka kujaribu na wewe, anza na shimo la majani makavu, bomba lifuate. Maji yasilale. Na mahali pa juu kabisa pa bomba, acha tundu la hewa, hata kama hulielewi.

Mwezi uliopita mgomba wa kwanza ulitoa mkungu. Mama watoto alijumlisha mabomba, tii, pipa, fundi na gari la majitaka, akagawa kwa idadi ya ndizi, kisha akakataa kunitajia jibu mbele ya watoto. Chane moja tulimpelekea mzee jirani. Alishukuru sana. Ila alizinusa kwanza.