Albamu ya Kukhu Juu ya Nyavu za Omena

Sanduku la bati la Kukhu, nyanya yetu, lilitolewa la mwisho, baada ya kuku, magunia ya mahindi na godoro, kwa kuwa lilikuwa zito na wengi wetu tulidhani limejaa vitenge. Ilikuwa Mei 2024. Mto Nzoia ulikuwa umefurika Budalang'i, na Ziwa Victoria, ambalo mwaka 2020 liliipita rekodi ya 1964, sasa lilikuwa limeipita hata ile ya 2020. Mto ukija na ziwa likipanda, anayeishi kwenye tambarare iliyo katikati hana pa kukimbilia ila mlimani. Kukhu alikuwa msichana mvua za 1961 zilipoanza kulijaza ziwa hili, kwa hiyo hakushangazwa na maji. Alichotaka ni sanduku lake.

Tulilifungua kwa Senge, shangazi yetu, huku juu Port Victoria karibu na soko. Ndani mlikuwa na albamu za plastiki na mfuko wa nailoni uliojaa picha, vyote vimelowa chapachapa. Picha zilikuwa zimeshikana mgongo kwa uso. Mjomba akaishika moja pembeni akaanza kuibandua. Nilipiga kelele hadi watoto wakatoka mbio.

Uso wa picha ya karatasi umepakwa gelatini, ambayo hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za mifugo. Ikilowa huvimba na kulainika. Ikikaukia kwenye plastiki hushika kama gundi, na anayeibandua kwa nguvu huacha uso wa mtu kwenye plastiki. Dawa ya maji hayo ni maji mengine: unazilaza picha katika maji safi ya baridi, unasubiri ziachiane zenyewe, kisha unazianika kivulini zikitazama juu. Na ufanye haraka, maana kwa joto letu hili la ziwani, siku mbili tu zikipita ukungu huanza kuota.

Maji safi ndiyo yaliyozua mzozo wa kwanza. Ziwa lilikuwa pale chini, lakini wakati wa mafuriko maji yake ni tope. Yaliyobaki ni ya tangi la mvua, ambayo Senge alikuwa ameyawekea ulinzi.

"Mnaogesha wafu," akasema, "na walio hai watakunywa nini?"

"Hao wafu ndio waliokuzaa," Kukhu akamjibu kutoka kitini.

Senge akateka maji mwenyewe, beseni baada ya beseni, na tangu hapo hakuna aliyeshughulikia zile picha kwa bidii kumshinda. Yeye ndiye aliyekwenda kwa jirani anayekausha omena, wale dagaa wa ziwani, akaazima nyavu zake, kwa sababu kwa mvua ile hapakuwa na omena ya kuanika. Tulizifua kwa sabuni, tukazitandaza barazani juu ya viti na ndoo, na picha zikaanza kupangwa moja moja: arusi, ubatizo, watu waliovaa suruali pana za miaka ya sabini, mtu na baiskeli yake, mtoto aliyeketishwa juu ya stuli akilia. Wavu unapitisha hewa juu na chini, na kwa kazi hii sijaona kitu bora zaidi. Lakini hata ungefuliwa vipi, wavu wa omena hunukia omena. Paka wa mtaa walijua kabla yetu. Mmoja alikwenda moja kwa moja hadi kwenye picha ya arusi ya Kukhu akajilaza juu ya bwana arusi. Kuku nao wakataka kudonoa. Wajukuu wakagawiwa zamu na fimbo, na alasiri upepo wa ziwani ulipoinuka, kila mtu aliyekuwa na mikono aliitwa: majirani, mjomba, hata kijana wa boda boda aliyekuja kudai nauli yake, wote wamekandamiza picha za watu wasiowajua.

Picha za rangi za miaka ya themanini ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi. Rangi zake hupauka kwa viwango tofauti, ile ya samawati mara nyingi ikitangulia, ndiyo maana nyuso hubaki na wekundu wa matofali. Zile za zamani zaidi, nyeusi na nyeupe, picha yake ni fedha iliyolala ndani ya gelatini, nazo zilitoka majini zikiwa zimeharibika kidogo tu. Hasara yetu ilikuwa mgongoni. Marehemu Kuka, babu yetu, alikuwa na desturi ya kuandika nyuma ya kila picha: nani, wapi, lini. Palipoandikwa kwa kalamu ya risasi au bairo, maneno yamo. Palipoandikwa kwa wino wa kalamu za zamani pamebaki doa la buluu.

Nilipoliona doa lile ndipo nilipoamua kuzipiga picha zote upya, na kuandika majina kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Mimi ni mpenzi tu wa kamera, sina studio. Nilibandika karatasi nyeupe ya manila mezani, karibu na dirisha lisilopata jua la moja kwa moja, nikaifunga kamera juu ya ubao ikitazama chini wima, bila kutumia flashi. Flashi huacha mng'ao mweupe katikati ya uso. Zipo programu za simu zinazonyoosha pembe za picha na kufuta mng'ao, nazo zinafaa kwa mtu mwenye haraka. Lakini kamera iliyosimama wima na mwanga wa pembeni vinatoa uso wenye mikunjo yake yote, na kwa picha yenye upana wa vidole vitatu mikunjo hiyo ni kitu kikubwa. Usiku haikuwezekana kufanya kazi. Stima ilikuwa imepotea kwa nguzo zilizoanguka, na ukiwasha taa ya sola, wale wadudu wa ziwa huja kwa mamilioni, wanajaa mezani, wanajibandika kwenye kioo cha lenzi. Batri nilichajia kwa kinyozi mwenye sola.

Katika daftari niliandika namba ya kila picha na majina aliyoyataja Kukhu. Kazi ilikuwa imekaribia kwisha, kilichobaki ni kungoja stima ili nihamishie kila kitu kwenye laptopu, wakati mpwa wangu alipoona memori kadi mezani akaikumbuka kwaya ya vijana, iliyokuwa na mazoezi jioni ile. Aliitia kwenye kamera ya rafiki yake. Kamera ile ikasema haiitambui kadi, ikamuuliza kama aifomati. Akakubali.

Alirudi akiimba. Hakuimba tena wiki ile. Mama yake alilia kwa aibu, mjomba akataka kumpeleka kwa babake, kule Samia, usiku uleule, na Senge, aliyekuwa ametoa maji yake ya kunywa, aliingia chumbani akafunga mlango. Kukhu peke yake ndiye aliyemwita kijana, akamkalisha kando yake na kumwambia amalizie chai.

Nilimwambia kijana jambo moja tu: hiyo kadi isiguswe tena na kamera yoyote. Kufomati kwa kawaida hakufuti picha. Kinachofutwa ni orodha inayoonyesha kila faili iko wapi, na nafasi hiyo yote hutangazwa kuwa tupu. Picha zenyewe zimelala palepale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Simu nyingi za siku hizi haziko hivyo, maana hifadhi yake ya ndani imefungwa kwa fumbo na ikishafutwa mara nyingi imekwenda moja kwa moja. Kwa bahati yetu hii ilikuwa kadi ya kamera.

Tukapanda matatu ya Busia, mimi na yeye, kupitia Funyula, kadi nimeishona ndani ya mfuko wa shati. Nina rafiki kule mwenye stima na subira. Tulitumia PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haijali orodha iliyofutwa. Inaisoma kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama ambayo kila faili ya JPEG huanza nayo. Sharti ni kwamba kinachookolewa kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Mpwa wangu hakutoka mbele ya kioo. Sura ya kwanza ilipofunguka, mama mmoja aliyekunja mikono mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi, kijana alipiga yowe lililomwamsha mbwa wa jirani.

Nyingi zilirudi. Chache zilikuwa zimekatika katikati, nusu uso na nusu kijivu, kwa sababu kwaya ilikuwa imerekodiwa juu yake. Lakini zote zilirudi bila majina yake. PhotoRec huipa kila faili jina jipya, herufi f na msururu wa tarakimu, hivyo namba za daftari langu zikawa hazina maana. Ilinibidi nitegemee saa ambayo kamera huiandika ndani ya kila picha. Na saa ya kamera yangu imekufa siku nyingi: kila batri ikitolewa, inaanza upya tarehe mosi Januari. Picha za kila kikao zilikuwa zimefuatana vizuri, ila vikao vyote vilidai kufanyika usiku uleule wa mwaka mpya, vimepandana.

Tukarudi Port Victoria kumuuliza Kukhu upya, na nasema kwa moyo wote kwamba hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Safari hii alikuja Senge, akaja mama, wakaja dada wawili wa marehemu Kuka kutoka Sisenye. Kukhu anatambua watu kwa miguu. Uso hubadilika, asema, mtu husimama vilevile. Mama anasoma vitenge na mitindo ya nywele. Mjomba alitambua mwaka kwa beji ya Nyayo, kaulimbiu ya Moi, kifuani mwa mwanamume mmoja: haiwezi kuwa kabla ya 1978, Moi alipochukua urais. Lile pazia la minazi lilizua ubishi wa jioni nzima kuhusu studio ilikuwa Busia upande gani wa mpaka, kwani ukoo wetu umekaa pande zote mbili, na watu walivuka kupigwa picha pale palipokuwa na kiti kizuri zaidi.

Upande huo wa pili, Uganda, wapo walioichukulia kazi kama hii kwa uzito unaostahili. Tangu 2011, Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, kwa jina la History in Progress Uganda, wamekuwa wakiziweka picha za makabati ya watu binafsi katika mfumo wa dijitali na kuzirudisha hadharani, zikiwemo za Musa Katuramu, seremala wa Uganda aliyebeba kamera. Nikiziona hizo huwaza masanduku yote ya bati yaliyoko kwetu Bunyala, kwenye nyumba ambazo Nzoia huzijua kwa majina.

Majina sasa nayaandika ndani ya faili yenyewe, kwa digiKam, ambayo nayo ni ya bure. Huko ndani hayapotei hata faili ikibadilishwa jina. Kwenye kundi la familia la WhatsApp picha natuma kama dokumenti, si kama picha; ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na maandishi ya ndani huondolewa, na zile zilizotumwa kwanza na binamu zetu wa Kisumu zilifika zikiwa bubu. Nakala ni tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski inayokaa kwa yule rafiki wa Busia, mbali na maji, moja mtandaoni. Hiyo ya mtandaoni hula bando, na tangu Juni 2021 Google Photos haitoi tena nafasi ya bure isiyo na kikomo, kwa hiyo nimepandisha zile zenye majina pekee. Mpwa wangu ndiye mtunzaji wa diski. Alijiomba mwenyewe, na Senge ndiye aliyekubali kwanza.

Imebaki picha moja. Mwanamke mwenye kofia, amesimama kando ya mtumbwi, mkono mmoja kiunoni. Kukhu asema ni dada yake mkubwa, kabla hajaolewa Samia. Shangazi wa Sisenye asema siyo, ni mke wa kwanza wa mjomba wao, na kofia ile aliiazima. Hawajasemezana vizuri tangu Jumapili. Katika faili nimeandika yote mawili, kila jina na anayelisema, la Kukhu likitangulia kwa kuwa ndiye mwenye sanduku. Senge atashuka Sio Port mwisho wa mwezi, kuna mzee huko aliyekuwa na mitumbwi miaka hiyo, na picha iliyochapishwa kubwa iko tayari ndani ya bahasha.