Theluji Inaijua, Ndizi Haijui
Mwaka 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitoa Kinetics, shehena ya video za YouTube za kuifundisha kompyuta kutambua vitendo 400 vya binadamu. Hongera zao. Sasa mashine inamjua anayezoa theluji kwa koleo, anayefinyanga mtu wa theluji, anayevua samaki kwenye barafu, hata anayechonga boga. Kukamua ng'ombe nako kumo, tusiwanyime haki yao.

Sasa mashine hiyo msomi ije soko la Tengeru, Arusha, Jumamosi. Mama wa Kimeru anateremka na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, simu kaibana kwenye kilemba, na bei anaipanga na mchuuzi wa upande wa pili wa barabara. Hapo ni kitendo namba ngapi? Tena kila kipande cha video ni kama sekunde 10 tu. Kwa muda huo sisi ndiyo kwanza tunaitikia marahaba. Ng'ombe na mashamba hatujayaulizia.

Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela iko hapo hapo Tengeru. Vijana wake, tokeni na kamera mkaifundishe mashine vitendo vyetu. Ila mama muombeni ruhusa kwanza, na ndizi mnunue.