Namna ya Kupima Faida ya Taa Usiyokuwa Nayo

Keti Magwagwa, Nyamira. Kaunti nzima haina barabara kuu yenye taa kwenye njia ya kuingilia, ya kuzuia magari yasiingie kwa fujo, na asiyepanga foleni ndiye huandika ripoti tamu. Isitoshe, wenyeji wamezoea kutathminiwa vitu hewa: bwawa la umeme la Magwagwa, kwenye mto Sondu, limekaa kwenye makaratasi miongo kadhaa huku mto ukijiendea zake.

Taa yenyewe ifikirie kama mashine ya kusaga wimbi. Ukimwaga debe zima kwa pupa, mashine inakwama na wote mnalala njaa. Mwenyewe huachilia kidogo kidogo. Chicago ilianza kufanya hivyo mwaka 1963, na taa ya kwanza ilikuwa polisi aliyesimama kwenye njia ya kuingilia akiruhusu gari mojamoja. Teknolojia hiyo tunayo. Ina sare na filimbi.

Sasa kokotoa. Faida ni dakika za walio tayari barabarani. Hasara ni za anayengoja kuingia. Chagua wa kumhesabu kulingana na anayekulipa. Taa zikiwekwa Thika Road, wa kutoka Juja atateleza, wa Roysambu aliye karibu na mjini atazikodolea macho. Na hesabu magari, si watu: matatu iliyojaa na bwana aliye peke yake garini viwe kitu kimoja, la sivyo ripoti itaharibika.

Ukibanwa utoe ushahidi, itaje Minnesota. Mwaka 2000 bunge la jimbo hilo liliamuru taa zipatazo 430 za Minneapolis na St. Paul zizimwe wiki sita. Muda wa safari ukapanda kwa asilimia 22, ajali kwa asilimia 26. Mafuta tu ndiyo yaliyowasaliti wapenda taa, maana gari linalongoja nalo linakunywa. Taa zikarudishwa, kwa sharti kwamba mtu asingojeshwe zaidi ya dakika nne. Sharti hilo ndilo lenye maana kuliko takwimu zote, kwa hiyo lifiche kwenye kiambatisho.

Gharama za Kenya zina mishahara miwili kwa kila taa: askari wa kuwazuia wenye matatu wasipande kando ya lami ikiwa nyekundu, na mwenzake wa kuwapungia wapite ikiwa nyekundu vilevile. Bajeti isipotosha, ondoa taa na askari wa kwanza. Utabaki na Chicago ya 1963, tena kwa bei nafuu.