Nalisifu Tuta

Wenzangu wamesifu simba na Kilimanjaro. Mimi, niliyetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa basi, siti ya nyuma kabisa, nalisifu tuta. Si tuta la viazi, wala matuta yanayopigwa mechi ikiisha sare. Nasema lile lililolala katikati ya lami, tumbo juu, kama mlevi aliyegoma kwenda kwake.

Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 800. Sheria inataka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 likiingia kijijini. Kibao cha 50 madereva hukitazama kama tangazo la mganga wa kienyeji: wanakiona, wanapita. Tuta halipitwi hivyo. Shangingi la mkubwa linainama. Lori lililobeba shaba ya Zambia linainama. Msafara wa harusi, matarumbeta na yote, unainama. Sijamwona mtumishi mwingine wa umma anayekesha kazini mvua na jua bila posho, na ambaye huwezi kumvuta pembeni mkayamaliza.

Tena lina adabu. Mara nyingi hutanguliza wapambe wake, wale rasta, trrr, trrr, mpaka meno yagongane, ndipo lije lenyewe. Lile lisilo na wapambe, lililokwisha kufutika rangi, hilo ndilo lililonikuta na chupa ya maji mdomoni. Wa mbele walisikia dup. Sisi wa nyuma tulipaa. Nilipotua shati limeshaoga, na konda anasema, “Poleni wa nyuma, hilo dogo.” Dogo!

Lakini bila tuta msafiri angekula nini? Pale Ruaha Mbuyuni basi halijatulia sawasawa, madirisha yamejaa vitunguu. Soko zima linafanyika kati ya gia ya pili na ya kwanza: unachagua, mnapatana bei, unalipa, chenji inarushwa mapajani basi likishaanza kuvuta. Nilinunua karanga, mahindi ya kuchemsha, na mfuko wa vitunguu nisiouhitaji, ambao uliniliza kimyakimya mpaka Iringa.

Na Mikumi je? Barabara inaikata hifadhi ile kwa takribani kilomita 50. Wageni hulipa dola kuingia. Sisi, kwa hisani ya matuta, tuliwatazama tembo kwa nauli ileile ya Mbeya. Swala walikatiza mbele yetu taratibu, hata shingo hawakugeuza, wakijua dereva hana la kufanya.

Jirani yangu, mama wa makamo, alikuwa amesinzia tangu Msamvu. Kila tuta likimwamsha, hakuchungulia dirishani. Alitaja mahali tu. “Ilula.” Anasinzia. “Mafinga hapa.” Anasinzia tena. Nilikuwa nikihakiki vibao vya maduka, naye hakukosea hata mara moja.

Tulipoipita Makambako usingizi ukanichukua na mimi. Nikarushwa, nikatua, nikajitia ujuzi.

“Igawa hii, mama?”

Hakufumbua macho.

“Bado, mwanangu. La Igawa linakurusha kushoto.”